Kitambaa cha kaboni kwenye boriti za zege: tathmini kwa mwenye jengo na fundi wa Nairobi

Bidhaa tunazozipima hapa ni mbili za familia moja: kitambaa cha SikaWrap-230 C kinachobandikwa kwa gundi ya Sikadur-330, na mabamba ya Sika CarboDur yanayobandikwa kwa Sikadur-30. Zipo chapa nyingine zinazofuata kanuni ileile, kama Nitowrap ya Fosroc, na mengi tunayoyasema yanazihusu nazo pia. Vipimo vya kuchanganya gundi tu ndivyo lazima visomwe kwenye karatasi ya chapa uliyonunua.

Uamuzi wetu tunautoa mapema ili mwenye haraka asipoteze muda. Juu ya zege zuri hii ni bidhaa bora sana, na hatujui njia nyingine ya kuiongezea boriti nguvu bila kuiongezea uzito wala kushusha dari. Juu ya zege bovu ni hasara tupu, hata kama fundi ni hodari na gundi ni ya bei ghali. Kaboni haina pa kushika isipokuwa kile kitabaka chembamba cha zege kilicho chini ya gundi. Kitabaka hicho kikichanika, kitambaa kinabanduka na boriti inarudi pale ilipokuwa.

Kilichomo ndani ya rola

Kitambaa hiki kina nyuzi zinazoelekea upande mmoja tu. Mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 235 hivi, na ukizihesabu nyuzi peke yake unene wake ni milimita 0.129, mwembamba kuliko kadi ya simu. Nguvu ya nyuzi kavu ni megapaskali 4,000 (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba), na ugumu wake wa kuvutwa ni megapaskali 230,000. Linganisha na nondo za majengo yetu mengi ya zamani, ambazo huanza kulegea zikifika megapaskali 460. Kwa ugumu, nondo na kaboni hazipishani sana. Tofauti kubwa ni tabia. Nondo ikizidiwa hunyooka, boriti ikashuka na kuonyesha nyufa, watu wakapata muda wa kutoka. Kaboni hainyooki. Hubeba mpaka mwisho kisha hukatika au kubanduka ghafla, na hiyo ndiyo sababu mahesabu yake hayapaswi kufanywa na mtu wa kubahatisha.

Mabamba ya CarboDur hutoka kiwandani yakiwa yameshakauka na kuwa magumu. Aina ya S512 ina upana wa milimita 50 na unene wa 1.2, S1012 ina upana wa milimita 100 na unene uleule. Teknolojia hii si ya jana. Daraja la Ibach karibu na Lucerne, Uswisi, lilifungwa mabamba ya kaboni mwaka 1991 baada ya utafiti wa taasisi ya EMPA, na kilo 6.2 za kaboni zilichukua nafasi ya kilo 175 za bamba za chuma.

Nani anaihitaji hapa mjini

Maombi mengi ya Nairobi yanafanana. Nyumba ya kuishi ya Kilimani imegeuzwa ofisi na sasa kuna kabati za mafaili mahali palipokuwa na kitanda. Ghala la Industrial Area limeongezewa ghorofa ya kati. Fundi wa bomba amekata boriti ili kupitisha mfereji wa choo na njiani akakata ringi mbili, vile vyuma vinavyozifunga nondo. Halafu kuna matangi: tangi la lita 10,000 juu ya paa ni tani 10 za maji kabla hujahesabu stendi yake, na mara nyingi limewekwa juu ya boriti iliyochorwa kubeba mabati na upepo. Kwa shida hizi zote, kaboni inaweza kuwa jibu.

Kuna shida ambazo si jibu lake kabisa. Jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40 bado liko akilini mwa kila mtu wa mjengo, na tangu hapo mwenye jengo akiona ufa hukimbilia kutafuta cha kubandika. Kama msingi unazama, kama kolamu ni nyembamba, kama ghorofa mbili zimeongezwa bila mchoro, kubandika kaboni kwenye boriti ni kupoteza muda ambao wapangaji hawana. Anza na mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya, umwombe akague jengo zima kuanzia chini. Muuzaji wa kitambaa aje baadaye.

Jaribio ambalo lazima litangulie kununua

Tunalirefusha hili kwa makusudi, kwa sababu ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea.

Jaribio la kung'oa hufanywa hivi. Plasta inatolewa mpaka zege litokee, sehemu inasagwa kwa grainda na kufutwa vumbi, kisha kisahani cha chuma chenye kipenyo cha milimita 50 kinabandikwa kwa epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili. Ikikauka, mfereji unakatwa kuzunguka kisahani mpaka uingie ndani ya zege lenyewe. Bila mfereji huo unapima zege la eneo kubwa kuliko kisahani na jibu linakudanganya kwa kukupendeza. Mashine ndogo ya mkono inakivuta taratibu mpaka king'oke. Mwongozo wa Marekani wa ACI 440.2R, wa taasisi ya zege ya American Concrete Institute, unataka isipungue megapaskali 1.4. Sika wenyewe wanataka wastani wa 2.0 na isipungue 1.5 popote. Mwongozo huohuo wa ACI unaweka pia kiwango cha chini cha nguvu ya kubana ya zege: megapaskali 17.

Usiishie kwenye namba. Geuza kisahani uangalie kilichong'oka. Kikitoka na kipande cha zege chenye kokoto ndani yake, gundi imeishinda zege na unapima nguvu halisi ya boriti. Kikitoka na unga wa kijivu tu, umepima ngozi ya saruji iliyobaki juu: saga zaidi urudie. Kikitoka kisafi kabisa, gundi haikuchanganywa sawasawa au pale palikuwa na mafuta ya mbao za fomu.

Kwenye boriti ndefu fanya angalau sehemu tatu, mbili kati yake ziwe karibu na ncha, kwa kuwa kubanduka mara nyingi huanzia pale kitambaa kinapoishia. Pima upande wa chini wa boriti, pale pale kitambaa kitakapokaa. Watu hupenda kupima ubavuni kwa sababu ni rahisi kufika, lakini chini ya boriti ndiko nondo zimebanana, zege halikutetemeshwa vizuri na matundu yamejaa. Mchanga wenye udongo na maji yaliyozidishwa ili zege limwagike kwa urahisi ndiyo sababu kuu za majibu mabaya kwenye majengo yetu. Ukipata 0.8, hakuna kitambaa cha kununua. Geukia koti la zege, tutalifikia.

Siku hiyohiyo pima kutu. Nairobi iko mbali na bahari, kwa hiyo adui mkubwa wa nondo hapa ni hewa yenyewe: kaboni dioksidi huingia ndani ya zege polepole na kuondoa ule ukali wa saruji unaolinda chuma. Vunja kipande kidogo, nyunyiza mara moja fenolfthalini, dawa ya kupimia ukali huo. Zege lenye afya linageuka waridi iliyokolea. Lililochoka halibadiliki rangi. Kama sehemu isiyobadilika imefika kwenye nondo na nondo zina kutu inayobambuka, usifunike. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, husukuma zege la nje, na zege hilo ndilo lililoshika kaboni yako. Toa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, safisha chuma, rudishia kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji wa kurekebishia zege, acha ikomae, ndipo upime tena.

Safu moja, mbili, au tatu?

Wenye majengo huuliza kwa nini wasiongeze safu wapate nguvu zaidi. Hesabu inajibu. Chukua kitambaa cha upana wa milimita 200 chini ya boriti ambayo zege lake lina nguvu ya megapaskali 20 kwa kipimo cha silinda ya zege. Kwa fomula ya ACI ya kubanduka, safu moja inaruhusiwa kuvutika hadi asilimia 1.06 hivi ya urefu wake, na hapo inabeba kilonyutoni 63 (kilonyutoni moja ni karibu uzito wa kilo 100). Safu mbili zinaruhusiwa asilimia 0.75 tu na zinabeba 89. Safu tatu, asilimia 0.61, kilonyutoni 109. Umenunua kitambaa mara tatu ukapata nguvu isiyofika mara mbili. Ni kwa sababu mrundiko ukiwa mnene unakuwa mgumu, na ugumu huo wote unavuta kitabaka kilekile cha zege. Hizo pia ni namba za juu: kwenye boriti nyingi zege la upande wa juu hufika mwisho wake kabla kaboni haijafika huko, na mhandisi lazima ahesabu yote mawili. Mkandarasi akikuletea pendekezo la safu tano bila ukurasa mmoja wa mahesabu, mrudishie.

Jambo jingine linalosahaulika: boriti huweza kuvunjika kwa kupinda katikati, na huweza kukatika kwa mshazari karibu na kolamu. Ukiimarisha katikati peke yake, mzigo mpya utatafuta njia ya mshazari, na hiyo huvunjika bila onyo. Kwa hiyo vipande vya umbo la U vinavyopanda mbavu zote mbili karibu na ncha si mapambo. Vinashika ncha za kitambaa cha chini zisibanduke, na vikihesabiwa vizuri vinasaidia ringi. Kwa kuwa slabu inazuia kuzungusha kitambaa pande zote nne, kipande cha U nacho hubanduka mapema. Mwongozo unakataza kuhesabu mvuto wake kupita asilimia 0.4, na mara nyingi hesabu ya mshikamano inaushusha zaidi ya hapo. Ncha zake za juu zikitiwa nanga, ama kamba za kaboni zinazoingia ndani ya zege ama bamba lenye bolti, zinafanya kazi vizuri zaidi.

Kubandika

Kiasi kwanza, maana watu hununua kwa kukisia. Boriti ya mita 5, upana milimita 230, kina 450 na slabu ya 150. Kitambaa cha chini: 0.2 kwa 4.6, sawa na mita za mraba 0.92. Vipande vinne vya U, kila kimoja kina urefu wa milimita 830 na upana wa 200: jumla 0.66. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, unafika 1.75 hivi. Gundi ya safu ya kwanza, ukijumlisha ile inayonyonywa na zege, ni kilo 1 hadi 1.5 kwa mita ya mraba kulingana na ukwaruzo. Kiti moja (seti ya ndoo A na B) ya Sikadur-330 ya kilo 5 inatosha na kubaki. Utaona kwamba vifaa vyenyewe ni vichache. Pesa inakwenda kwenye jukwaa, kusaga, kupima na kusimamia. Kotesheni ambayo karibu yote ni bei ya kitambaa imesahau kazi.

Kabla ya kusaga, punguza mzigo. Toa maji kwenye tangi, ondoa mifuko ya simiti iliyorundikwa juu, weka propu (nguzo za muda) na kuzikaza kiasi. Kitambaa kinachobandikwa boriti ikiwa imeelemewa hakibebi chochote cha mzigo uliopo tayari. Kinasubiri mzigo unaofuata.

Nyufa zenye upana wa kuanzia milimita 0.3 zijazwe epoksi nyepesi kwa kusukumwa, kisha sura, yaani uso wa zege, isagwe kwa grainda yenye sahani ya almasi mpaka kokoto ndogo zianze kuonekana. Kona ambazo vipande vya U vitapita zikatwe mviringo. ACI inakubali nusu kipenyo cha milimita 13 kwa uchache, sisi tunataka 20, maana kona kali hukata nyuzi na ndipo utakapokuta zimekatika mzigo ukija. Mashimo yajazwe kwa epoksi nzito. Weka rula ndefu chini ya boriti uone kama kuna mbonyeo: kitambaa kilichofuata bonde kitajaribu kunyooka kikivutwa, na kunyooka huko ni kujibandua. Mwisho vuta vumbi kwa mashine. Ufagio hauondoi, na kupuliza kwa kompresa yenye mafuta kunaharibu kila kitu ulichofanya.

Unyevu wa zege usizidi asilimia 4. Hapa Nairobi msimu una usemi mkubwa. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huloanisha slabu za juu, na boriti iliyo chini ya bafu linalovuja haitakauka mpaka bafu litengenezwe. Julai ina tatizo jingine: asubuhi ya nyuzi 11 iko karibu mno na kikomo cha chini cha Sikadur-330, ambacho ni nyuzi 10. Halafu kuna umande, ambao hauonekani kwa macho. Hewa ikiwa nyuzi 18 na unyevunyevu asilimia 80, umande huanza kutua kwenye kitu chenye nyuzi 14.5. Sheria ni sura iwe na joto la nyuzi 3 juu ya hapo, yaani 17.5. Boriti ya ghorofa ya chini ya ardhi iliyokaa nyuzi 16 haifai asubuhi hiyo, hata ukiipapasa ukaona kavu. Kipimajoto cha sura na kipima unyevunyevu ni vifaa vya bei ndogo, na fundi asiyekuja navyo hajajiandaa.

Sikadur-330 huchanganywa sehemu 4 za A (gundi yenyewe) kwa 1 ya B (kigumishi) kwa uzito. A ni nyeupe, B ni ya kijivu. Kiti ya kilo 5 ina kilo 4 na kilo 1, na ukitaka nusu pima kilo 2 na gramu 500 kwa mizani ya kidijitali. Kukadiria kwa kikombe ndiko kunakoacha gundi inayobonyea kwa ukucha hata baada ya wiki. Kosa hilo halina dawa: kuongeza B baadaye hakusaidii, kitambaa chote kinatolewa na kusaga kunaanza upya. Koroga dakika 3 kwa mashine ya mzunguko mdogo, ukikwangua kingo na chini ya ndoo, mpaka mistari ya rangi iishe kabisa. Kwenye joto la nyuzi 35 una nusu saa ya kuitumia. Kwenye nyuzi 10 una saa moja na nusu. Ikiachwa yote imejaa ndooni inajipasha moto na kuganda mapema, kwa hiyo changanya kwa nusu nusu.

Paka gundi kwenye zege kwa mwiko au brashi. Laza kitambaa kikavu juu yake kutoka katikati kwenda kwenye ncha, ukikivuta kidogo kinyooke. Kisha pitisha rola ya plastiki yenye mifereji ukifuata urefu wa nyuzi, polepole, mpaka gundi ipenye na kutokeza kwa usawa upande wa nje. Kupitisha rola kwa kukata nyuzi huzipinda, na mpotoko wa zaidi ya digrii 5 za pembe kutoka mstari uliochorwa lazima uripotiwe kwa mhandisi. Kitambaa kikatwe kwa mkasi mkali na kisikunjwe kamwe. Mkunjo mmoja ni nyuzi zilizovunjika, na madhara yake hayaonekani mpaka boriti ibebeshwe. Viungio vya urefu vipandane milimita 100 au zaidi, kama mchoro unavyosema. Vaa glavu za nitrili na barakoa. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo usikate karibu na bodi ya stima iliyo wazi.

Kwa CarboDur kazi ni nyepesi kidogo. Sikadur-30 ni 3 kwa 1, nyeupe na nyeusi. Bamba hufutwa kwa kitambaa chenye kisafishio mpaka kitambaa kisitoke cheusi, hupakwa gundi kwa umbo la paa, katikati nene na kingo nyembamba, kisha hukandamizwa kwa rola mpaka gundi itoke pande zote mbili. Umbo la paa linafukuza hewa. Kwa boriti ndefu na iliyonyooka tunapenda bamba zaidi kuliko kitambaa, kwani fundi ana nafasi chache za kukosea. Kwa boriti fupi, zenye kona nyingi au zinazohitaji vipande vya U, kitambaa ndicho chenyewe.

Acha siku 7 kabla ya kurudisha mzigo, na kwenye baridi ya Julai mwombe mhandisi aongeze.

Ukaguzi

Baada ya saa 24 gonga kila sehemu kwa sarafu au nyundo ndogo. Sauti kavu ni salama, sauti ya mvungu ni hewa. Mwongozo wa ACI una mipaka iliyo wazi: mvungu mdogo kuliko milimita za mraba 1,300 unavumilika, mradi yote kwa jumla isifike asilimia 5 ya eneo na idadi yake isizidi 10 kwa mita moja ya mraba. Mkubwa kuliko milimita za mraba 16,000 unakatwa na kubandikwa kiraka kinachopandana na kitambaa kizima. Wa kati hujazwa gundi kwa kusukumwa. Weka alama za chaki, piga picha, pima upya baada ya kurekebisha. Bandika pia kipande cha ziada cha kitambaa kwenye sehemu ya boriti isiyo na kazi kubwa, siku ileile na kwa gundi ileile, ili kifanyiwe jaribio la kung'oa badala ya kuharibu kile cha kweli.

Moto, na bidhaa nyingine

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu ni moto. Epoksi hizi huanza kulainika kwenye nyuzi 50 na kitu, joto ambalo moto wa jiko la mkahawa hulifikia mapema kabisa. Ndiyo maana ACI inataka boriti, bila kaboni yoyote, iweze kubeba mzigo wa kudumu mara 1.1 pamoja na mzigo wa matumizi mara 0.75. Boriti isiyoweza hivyo haipaswi kuokolewa kwa kitambaa. Kuna plasta za kukinga moto, lakini zinasaidia zaidi zege na nondo kuliko gundi. Kama boriti iko juu ya tanuri la bekari au chini ya mabati yanayochomwa na jua mchana kutwa, mwambie mhandisi mapema. Jua la moja kwa moja nalo hula epoksi, kwa hiyo kilicho nje kipakwe rangi ya kukinga.

Kitambaa cha nyuzi za kioo kina bei ya chini kuliko kaboni na muuzaji atakuonyesha. Kinafaa kuzungushia kolamu. Chini ya boriti yenye mzigo wa kudumu hatukipendekezi: kioo kikivutwa muda mrefu huchoka na kukatika, na mwongozo unakiruhusu asilimia 20 tu ya nguvu yake kwa mzigo wa kudumu, kaboni asilimia 55. Bamba za chuma zinafanya kazi, ila ni nzito kubeba hadi ghorofa ya nne na hupata kutu upande wa ndani usioonekana.

Koti la zege, yaani nondo mpya na zege jipya la milimita 75 hadi 100 kuzunguka boriti ya zamani, ndilo tunalolipendekeza kila jaribio la kung'oa linapoanguka. Linachafua, linashusha dari, linaongeza uzito ambao kolamu na msingi lazima vithibitishwe kuubeba. Lakini linastahimili moto kuliko kaboni, na fundi mzuri wa zege anayeweza kulifanya anapatikana Nairobi kwa urahisi zaidi.

Kuhusu huduma

Mkandarasi awe amesajiliwa na National Construction Authority, na mabadiliko ya muundo yapate kibali cha kaunti. Kotesheni iwe na mahesabu yaliyotiwa sahihi, idadi ya majaribio ya kung'oa kabla na baada, jina kamili la gundi na kitambaa, namba za bachi, na tarehe ya kuisha kwa gundi; epoksi hizi hukaa miezi 24 kwenye pipa ambalo halijafunguliwa, zikihifadhiwa kati ya nyuzi 5 na 30, na kontena la bati lililoachwa juani halihesabiki kuwa stoo. Mwombe muuzaji karatasi ya data ya bidhaa uilinganishe na maandishi kwenye ndoo siku zinapofika. Asiyetaka ufungue ndoo mbele yake, usinunue kwake.

Kazi ikiisha, dai mchoro unaoonyesha kila kipande kilipo, pamoja na picha zilizopigwa kabla ya rangi. Bandika kibao kwenye boriti yenyewe kinachokataza kutoboa. Fundi wa stima, wa dari au wa kamera atakayekuja miaka mitatu baadaye ataona ukuta uliopakwa rangi tu, na dirili yake ya milimita 10 ikipita kwenye bamba la milimita 50 imekata moja ya tano ya nguvu uliyolipia. Weka nakala ya mchoro huo kwa msimamizi wa jengo na nyingine kwenye faili ya mkataba wa kila mpangaji wa ghorofa hiyo.